ANAKATAA AU HAWEZI?
Juu ya watoto na wakubwa wasioweza kutulia, na shauri linalowafaa



Katika nyumba zetu, katika masomo na hata katika kanisa, kuna neno ambalo halikosi kusikika: «Mtoto huyu anakataa.» Anakataa kukaa. Anakataa kusikia. Anakataa kumaliza kazi aliyopewa. Neno hilo ni zito kuliko tunavyofikiri, kwa maana limebeba hukumu ndani yake. Mtu anayekataa ana uwezo lakini hataki. Nguvu ya kutii anayo, ila amechagua kuasi. Basi anastahili fimbo.

Lakini je, kama hawezi?

Swali hilo si la walimu na waganga peke yao. Ni swali la haki. Kumpiga mtu kwa sababu ya jambo asiloliweza ni dhuluma, hata kama anayepiga ni mzazi mwenye upendo. Na kumwachilia mtu katika jambo analoliweza, kwa kisingizio cha ugonjwa, nako si kumpenda. Kwa hiyo ni lazima tujifunze kupambanua. Siku hizi kuna shauri la namna ya pekee, linalotolewa na watu waliolisomea, ambalo kazi yake ya kwanza ni hiyo ya kupambanua, na kazi yake ya pili ni kusaidia. Tunataka kulitazama shauri hilo pamoja, na kuona kama linapingana na imani yetu au linaitumikia.

1. Mtoto tunayemjua sote

Tuchukue mfano wa mtoto mwanaume wa miaka 9. Hatumtaji jina, kwa maana si mmoja. Kila parokia ina wake. Mama anamtuma kuchota maji. Anaondoka mbio na bidoni. Saa nzima inapita. Mama anakwenda kumtafuta na kumkuta njiani, anatazama watu wanaotengeneza pikipiki, na bidoni iko chini, haina maji. Katika kalasi anajibu kabla mwalimu hajamaliza swali. Biki yake inapotea kila juma. Kaye yake ina mistari mitatu iliyoandikwa vizuri, kisha ukurasa mtupu. Wakati wa ibada anapanda na kushuka kwenye benchi mpaka wamama walio nyuma wananung'unika. Anapigwa. Analia, anaomba msamaha, anaahidi kwa moyo wake wote. Kesho yake mambo ni yale yale.

Sasa tutazame jambo moja linalowachanganya wengi. Mtoto huyo huyo, ukimpa ngoma katika fanfari ya vijana, anaipiga saa mbili bila kuchoka wala kukosa pigo. Katika mpira yuko macho kuliko wote. Basi watu wanasema: «Mnaona? Akitaka anaweza. Hiki ni kiburi tu.»

Hoja hiyo inaonekana kuwa na nguvu, na imeshikisha watu wengi fimbo. Tutaona kama inasimama.

2. Waganga wamegundua nini

Shida hii ina jina. Kwa Kifaransa wanaifupisha kwa herufi TDAH. Ni upungufu wa umakini, mara nyingi pamoja na mwili kuhangaika kupita kiasi, lakini kwa wengine bila kuhangaika huko. Haikuzuliwa jana. Mwaka 1798 daktari Alexander Crichton, mtu wa Scotland, aliandika juu ya watu ambao akili zao hazikai mahali pamoja. Mwaka 1902 daktari George Still alifundisha huko London juu ya watoto wenye akili nzuri ambao hawakuweza kujitawala, hata baada ya kuadhibiwa, na akaeleza kwamba baadhi yao walitoka katika nyumba zenye malezi mazuri. Mwaka 1980 waganga wa akili wa Marekani waliuingiza upungufu huo wa umakini katika kitabu chao cha magonjwa, na mwaka 1987 wakaupa jina linalotumika mpaka leo.

Dalili zake ziko za namna tatu. Ya kwanza ni umakini unaoponyoka: kusahau, kupoteza vitu, kuanza kazi tano bila kumaliza hata moja. Ya pili ni mwili usiotulia. Ya tatu ni kutenda kabla ya kufikiri, kama vile kumkatiza mtu anapozungumza au kuvuka barabara bila kutazama. Watoto wote hufanya hivyo mara kwa mara. Kwa sababu hiyo waganga wameweka masharti. Dalili ziwe nyingi, zidumu angalau miezi 6, ziwe zilianza kabla ya miaka 12, zionekane mahali zaidi ya pamoja, yaani nyumbani na masomoni kwa mfano, na ziwe zinaharibu maisha ya mtu kweli. Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, na kutulia kila mahali pengine, pengine ana shida na mwalimu huyo.

Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi unaonyesha kwamba watoto kama 5 katika 100 wana shida hiyo. Katika kalasi ya watoto 60, hao ni 3 hivi. Wavulana hutambuliwa zaidi, kwa sababu wanasumbua. Msichana mwenye shida hiyo mara nyingi anakaa kimya, macho yako dirishani, na mwalimu anasema ni mzito wa akili. Huyo hakuna anayemtafutia msaada, kwa maana hamkeri mtu.

Inatoka wapi? Kwa sehemu kubwa hurithiwa, kama vile urefu wa mwili unavyorithiwa. Uchunguzi wa mapacha umelionyesha hilo mara nyingi. Mwaka 2007 wachunguzi wa Marekani walitangaza matokeo ya kupima bongo za watoto kwa mashine za picha. Waliona kwamba sehemu ya nje ya ubongo, kwa watoto wenye TDAH, inakomaa kwa mpangilio ule ule wa watoto wengine, lakini kwa kuchelewa kadiri ya miaka 3. Kwa watoto wengine ilifikia unene wake wa juu karibu na miaka saba na nusu. Kwa hawa, karibu na miaka kumi na nusu. Na uchelewaji ulikuwa mkubwa zaidi katika sehemu ya mbele, ile inayotusaidia kujizuia na kupanga mambo.

Sasa turudi kwa ngoma. Umakini wa mtoto huyu haufuati amri. Unafuata kile kinachovutia, kilicho kipya, kinacholipa mara moja. Ngoma inamjibu papo hapo anapoipiga. Hesabu za leo zitamlipa mwisho wa mwaka, siku ya matokeo, na kwake siku hiyo ni kama haipo. Kwa hiyo kuweza katika ngoma hakuthibitishi kuweza katika hesabu. Mzee wetu ambaye macho yamechoka anasoma vizuri kibao cha duka ng'ambo ya barabara, lakini akiishika Biblia mkononi haoni herufi. Hatumwambii: «Mzee, umesoma kibao, basi unalikataa Neno la Mungu.» Tunamtafutia miwani.

3. Matunda ya hukumu ya haraka

Pale ambapo hakuna kupambanua, hukumu inakuja haraka, na inashuka ngazi kwa ngazi.

Kwanza inampata mama. «Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo,» wanamwambia, na mithali nzuri inageuka kuwa jiwe la kumpiga mwanamke. Watoto wake wengine wanne aliwalea kwa mkono ule ule na wametulia, lakini hilo hakuna anayelihesabu.

Kisha inampata mtoto. Anapigwa nyumbani, anapigwa masomoni, anarudia mwaka, kisha wazazi wanachoka kulipa na kumtoa. Na yeye mwenyewe anajifunza jina lake jipya: mjinga, mvivu, mtundu. Mtoto aliyeitwa mjinga kila siku kwa miaka sita haitaji tena ushahidi mwingine, anaamini.

Ngazi ya mwisho tunaijua sisi wa Kongo kuliko wengine. Papa anakosa kazi, mdogo wake mtoto anaugua, na watu wanaanza kumtazama yule asiyelala, anayezungumza peke yake, anayevunja vyombo. Wanasema ni mlozi. Hasa kama ni yatima, au mtoto wa mke wa kwanza. Mwaka 2010 UNICEF ilitoa uchunguzi wake juu ya watoto wanaoshitakiwa uchawi katika Afrika, na kati ya wanaoshitakiwa zaidi walitajwa yatima, walemavu, wenye kifafa, na watoto wenye tabia isiyo ya kawaida: wakaidi, wakali, wavivu. Wengi wa watoto waliolala katika masoko ya Kinshasa na ya miji mingine walifukuzwa nyumbani kwa neno hilo. Na ni lazima tuseme kwa uchungu kwamba mara nyingi neno hilo lilithibitishwa na watu wa maombi, waliowafungia watoto bila chakula siku nyingi ili «wafunguliwe».

Sheria ya nchi imesema wazi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, katika kifungu cha 160, inaweka adhabu ya kifungo cha mwaka 1 hadi 3 kwa anayefanya hivyo. Lakini mkristo asingoje sheria. Wanafunzi wa Yesu walipomwona yule kipofu wa tangu kuzaliwa, swali lao la kwanza lilikuwa: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana alikataa njia zote mbili walizompa. Hakumtafutia mtu yule kosa. Alimtafutia kazi ya Mungu itakayoonekana ndani yake.

4. Je, basi hakuna tena mwenye kosa?

Hapa ndugu mmoja atainuka na kusema: «Angalieni, mnafungua mlango mbaya. Leo asiyetulia ni mgonjwa. Kesho mwizi atakuwa mgonjwa, na mzinzi, na mlevi. Mtaondoa dhambi duniani kwa kuibadilisha majina.»

Swali lake ni zito, na hatupaswi kulikimbia. Tumjibu hivi: kumjua mtu kunaondoa lawama isiyo ya haki, lakini hakuondoi wajibu. Kunaubadilisha wajibu mahali pake. Mtu mwenye mguu mbaya hatumlaumu kwa kuchelewa kufika kanisani. Hata hivyo hatumwambii abaki nyumbani maisha yake yote. Tunampa fimbo ya kutembelea, na yeye anajifunza kuondoka mapema. Kabla ya kupata fimbo, kuchelewa kwake hakukuwa kosa. Baada ya kuipata, kama anaiacha makusudi kwenye kona ya nyumba, hapo tunaweza kuzungumza naye.

Ndivyo ilivyo pia kwa mtu mkubwa mwenye TDAH, kwa maana wengi hubaki na sehemu ya shida hiyo hata wakiwa na ndevu na watoto. Papa mmoja anaweza kubadilisha kazi kila mwaka, kusahau deni, kukasirika ghafula na kujuta saa hiyo hiyo. Deni analosahau bado ni deni. Mke aliyetukanwa bado ameumia. Ugonjwa haulipi franka za watu. Lakini ukimwambia tu «uwe mwaminifu», hukumpa kitu, kwa maana uaminifu anautaka. Anachokosa ni njia ya kuufikia. Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Russell Barkley, ameeleza jambo hili kwa miaka mingi: shida ya watu hawa haiko katika kujua lililo jema, iko katika kulitenda wakati unapofika. Mtume Paulo naye alilia juu ya vita hiyo kati ya kutaka na kutenda. Hakuna hata mmoja wetu asiyeijua. Ila kwa ndugu huyu vita ni kali zaidi, naye amepewa silaha chache.

Tofauti na mwizi iko hapo. Mwizi anapanga, anangoja usiku, anaficha. Tendo lake linahitaji umakini mwingi! Mtoto aliyeiacha bidoni hakupanga kitu. Kupambanua hakufuti dhambi. Kunatuzuia kuiweka mahali isipokuwepo.

5. Shauri la wenye kulisomea ni lipi?

Shauri tunalolitoa sisi kwa kawaida ni la kuonya: tulia, jitahidi, omba, acha. Ni shauri jema kwa anayekataa. Kwa asiyeweza, ni kama kumhubiria kipofu uzuri wa rangi. Mtoto wetu wa miaka 9 amelisikia mara elfu. Angeweza kukuhubiria wewe. Shauri la wenye kulisomea linafuata njia nyingine.

Kwanza, linasikiliza kabla ya kusema. Mshauri anauliza mzazi, anauliza mwalimu, anamtazama mtoto mwenyewe. Anatafuta kama kuna sababu nyingine: masikio yasiyosikia vizuri, macho, kifafa kidogo kidogo kinachokatiza akili bila kuangusha mwili, njaa ya asubuhi, usingizi mchache, au malaria iliyopanda kichwani. Kwetu mashariki ni lazima pia aulize juu ya vita. Mtoto aliyeona nyumba yake ikichomwa anaweza kuwa na akili isiyotulia, na dawa ya jeraha hilo si sawa na ya TDAH.

Pili, linaeleza. Mara nyingi hapo ndipo machozi yanapotoka, wakati mama anaposikia kwa mara ya kwanza kwamba hakumharibu mtoto wake, na mtoto anaposikia kwamba yeye si mjinga.

Tatu, linawafundisha wazazi. Kwa watoto wadogo, wenye chini ya miaka 6, waganga wengi wanataka kuanza na mafundisho hayo ya wazazi kabla ya kufikiria dawa. Mambo yenyewe si ya ajabu, ila yanahitaji mtu wa kuyaongoza, kwa maana yanapingana na mazoea yetu. Agiza jambo moja tu kwa mara moja. Usiseme: «Oga, vaa, funga mbuzi, upeleke makaa kwa shangazi.» Sema: «Oga.» Akimaliza, sema linalofuata. Umkaribie, umtazame macho, usipige kelele kutoka jikoni. Akifanya vizuri, msifu saa hiyo hiyo, na utaje alichofanya. Wengine hutumia maharagwe: kila jambo jema, haragwe moja katika kopo, maharagwe 10 jioni, anachagua hadithi au mchezo na papa. Malipo yawe madogo na ya karibu, kwa maana ya mbali hayaoni. Makosa madogo yapite. Kosa kubwa lipate adhabu fupi, ile ile kila mara, bila matusi na bila fimbo. Fimbo inafundisha hofu, na hofu haiongezi umakini.

Nne, linazungumza na masomo. Mtoto akae mbele, mbali na dirisha na mlango. Kazi ndefu ikatwe vipande. Na mwalimu mwenye hekima humtuma mtoto huyo kuleta chaki au kukusanya kaye za wengine, ili miguu ipate nafasi yake na akili irudi.

Tano, linawasaidia wakubwa. Wanafundishwa kuwa na kaye moja tu ya kuandikia kila ahadi na kila deni, na kuifungua saa ile ile kila siku; kukata kazi kubwa kuwa hatua ndogo; kuweka kila kitu mahali pake, ufunguo kwenye msumari wake. Tena wanafundishwa kukamata mawazo ya kujihukumu, kama «mimi sifai kitu», kabla hayajawalaza chini. Mwaka 2010 wachunguzi wa Boston walitangaza matokeo yao juu ya watu wazima 86 ambao walitumia dawa lakini bado walitaabika. Wale waliopata vikao 12 vya mafundisho ya namna hiyo waliendelea vizuri kuliko wale waliofundishwa kuupumzisha mwili tu.

Na dawa? Hatupaswi kuificha kweli. Dawa ziko, na kwa wengi zinasaidia sana. Tangu mwaka 1937 daktari Charles Bradley, huko Rhode Island katika Marekani, aliona kwamba dawa ya kuchangamsha mwili iliwatuliza watoto wengine na kuwafanya wajifunze. Inayotumika zaidi leo ni metilfenidati. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 1999, juu ya watoto 579 wa miaka 7 hadi 9, ulionyesha kwamba dawa iliyofuatiliwa vizuri inapunguza dalili kuliko mashauri peke yake. Lakini watoto waliopata dawa pamoja na mashauri walihitaji kipimo kidogo zaidi cha dawa, na wazazi wao waliridhika zaidi. Kwa hiyo mshauri mwema hamkatazi mtu dawa. Ila dawa hiyo ni ya daktari. Haitafutwi sokoni, wala haipewi mtoto kwa sababu jirani alimpa wake.

Katika nchi yetu wenye kulisomea shauri hili ni wachache. Hata hivyo wako. Kinshasa kuna CNPP, katika Mont Amba. Bukavu kuna Sosame, na Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain, vyote viwili vya Mabruda wa Karita. Mtu anayeishi mbali aanze na daktari au muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu naye, amwombe barua ya kumpeleka mbele.

6. Wajibu wa kanisa

Wengine wataogopa kwamba kwenda kwa mshauri ni kukosa imani. Tukumbuke Musa. Alipomwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, Mungu angeweza kuufungua ulimi ule kwa neno moja. Alimpa Haruni awe kinywa chake. Musa hakuponywa ulimi. Alipewa msaidizi, na kwa njia hiyo Israeli ikatoka Misri. Msaada unaopita kwa mtu mwingine ni msaada wa Mungu pia.

Tukumbuke tena kuhani Eli. Alimwona Hana midomo yake inatikisika bila sauti, akaamua kwamba amelewa. Alikuwa mtu wa Mungu, tena alikuwa hekaluni, na hata hivyo alikosea kwa kuhukumu kwa macho. Lakini sifa yake ni hii: Hana alipojieleza, Eli alisikiliza, akaligeuza neno lake, na lawama ikawa baraka. Laiti kila mchungaji na kila mwenye karama ya kuona angekuwa tayari kuligeuza neno lake kama Eli! Karama ya kupambanua roho haikutolewa ili tuache kupambanua mambo ya mwili. Mwenye ufunuo wa kweli haogopi kwamba daktari atamtazama mtoto yule yule.

Basi mambo manne tuyashike katika parokia zetu.

La kwanza, mtu asiseme kamwe juu ya mtoto kwamba ni mlozi, wala katika maombi, wala katika ndoto aliyoota, wala kwa mafumbo. Na mtoto asifungishwe chakula.

La pili, mzazi akileta mtoto asiyetulia, tumwombee, na siku hiyo hiyo tumwelekeze kwa wenye kulisomea. Maombi na shauri visingojane.

La tatu, siri yake isitajwe kwenye mimbari. Aliyeonyeshwa kwa kidole mbele ya kusanyiko hatarudi kutafuta msaada.

La nne, ibada zetu ni ndefu, nasi tunazipenda hivyo. Lakini mtoto mwenye shida hii apewe kazi: apange mabenchi, agawe vitabu, apige ngoma katika fanfari, au atoke nje kidogo na mkubwa mmoja, kisha arudi. Kanisa lililomwekea mzee kiti chenye mgongo linaweza pia kumwekea mtoto huyu nafasi.

Tulianza na neno «anakataa». Hatusemi neno hilo lifutwe, kwa maana wako wanaokataa kweli, wakubwa kwa wadogo. Tunaomba tu lisiwe neno la kwanza. Kabla ya kulitamka, mzazi ajiulize maswali matatu: Je, amewahi kulifanya jambo hili vizuri kwa muda mrefu, bila mtu kumsimamia? Je, anashindwa mahali pamoja au kila mahali? Je, baada ya kushindwa anafurahi, au anaumia? Majibu ya maswali hayo hayatoshi kuutaja ugonjwa. Hiyo ni kazi ya daktari. Lakini yanatosha kuuzuia mkono ulioinuliwa, na kuupeleka mguu kwenye mlango wa mshauri.

Bwana atupe masikio ya kusikia kabla ya kuhukumu. Amina.